Na Nani?

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema hivi mapema ili kesho nisije nikaulizwa na... Hapana. Ili nisije nikaulizwa tu, basi. Haina ramani wala bendera, na kama wewe msomaji unahisi umewahi kuishi humo, hilo ni lako na macho yako, mimi usinitie.

Iliitwa Jamhuri ya Juu na Chini. Juu kulikuwa na vilima na mashamba ya pilipili manga. Chini kulikuwa na mabonde na watu. Hapo zamani watu wa Chini walikutwa Juu wakichuma pilipili, minyororo miguuni, na kitabu cha serikali kilieleza kwa adabu jinsi walivyofika: "Wazee wetu wa Chini walipenda sana kusafiri." Baadaye Juu na Chini walichinjana miaka minne kwa ajili ya ile minyororo, wengine wakitaka ibaki, wengine wakitaka ikatwe. Kitabu kilieleza na hilo: "Kisha kukatokea kutoelewana, kukaisha." Aliyetunga sentensi hiyo alipewa nishani.

Vita vilimalizwa kwa Mkataba wa Kutotajana, wenye kifungu kimoja tu: hakuna atakayemtaja mwenzake. Ulikuwa mkataba mzuri sana. Wauaji waliusaini kwa furaha, na waliouawa hawakuleta pingamizi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia katika Shule ya Msingi Upatanisho. Naitwa Mwalimu Feruzi. Feruzi, kama mjuavyo, ni kito cha thamani, na nyumbani kwetu tuliambiwa kwamba ukoo wetu ulikuwa wa masonara wakubwa wa Juu. Shule yetu ilijengwa palepale majeshi yalipokutana, kwa hiyo kila darasa lilikuwa nusu Juu, nusu Chini, na katikati ya sakafu ulipita mstari mweupe ulioitwa Mstari wa Umoja. Watoto wa Juu walikaa upande wa madirisha. Wa Chini walikaa upande wa ukuta. Kila mwaka Mkuu wa Wilaya alikuja na ndoo ya rangi kuupaka upya, bendi ikipiga, ili umoja usije ukafutika.

Nilifundisha hapo miaka ishirini na miwili. Nina mwandiko mzuri, sijisifu, wilaya nzima inajua. Nilikuwa nikinakili kitabu ubaoni, watoto wakinakili ubao, kengele ikilia. Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali hata moja. Nami niliamini ni kwa sababu naeleweka.

*

Ndipo alipokuja Mwalimu Mtumwa.

Ndiyo, Mtumwa ni jina lake. Mtumwa Pandu, mwanamke wa Chini, mrefu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba darasa lilibidi linyamaze ili limsikie. Jina alilirithi kwa bibi yake. Alipewa kufundisha historia Darasa la Saba, darasa langu, nami nikasukumwa Darasa la Tano. Mwalimu Mkuu aliniambia nisione vibaya. Niliona vibaya sana.

Siku ya kwanza nilijisogeza dirishani kwake, eti natafuta kifutio. Hakufungua kitabu. Aliandika jina lake ubaoni, kwa mwandiko wa hovyo, mwandiko wa kuku, akageuka.

"Kitabu chenu kinasemaje? Mtumwa ni nini?"

Zawena, mtoto wa Juu anayekaa dawati la mbele, alisimama. "Mtumwa ni mtu aliyetumwa, mwalimu."

"Sawa kabisa. Sasa mama akimtuma mtoto, ukakutana naye njiani, unamuuliza nini?"

"Umetumwa nini?"

"Na nini tena?"

"Umetumwa na nani?"

"Na asiporudi?"

 Mtoto mmoja upande wa ukuta akasema polepole, "Tunauliza atarudi lini."

"Bibi yangu alikuwa Mtumwa," akasema yule mwanamke, "na kitabu chenu kinasema alitumwa. Haya, ulizeni."

Nilihesabu mikono iliyonyooshwa. Kumi na saba! Kumi na saba, katika dakika arobaini, na mimi miaka ishirini na miwili sijaona hata kidole. Roho iliniuma, sitaficha. Iliniuma kama jino, na kama jino haikuniacha nile wala nicheke.

Toka hapo maisha yangu yakawa ya dirishani. Asubuhi nilisikia "Shikamoo Mwalimu Mtumwa!" ikitoka getini, watoto wanakimbia, mimi nilipewa shikamoo ya kukohoa. Nilijaribu kila njia na Darasa la Tano langu. Nilisema, "Nani ana swali?" Wakaniambia, "Hatuna, mwalimu, tumeelewa." Nilitoa mzaha. Walinakili mzaha. Siku moja nikaandika makusudi kwamba vita viliisha miaka kumi kabla ya kuanza, nikakaa kitini nikingoja mmoja tu ashtuke. Waliandika vilevile, wakapigia mstari kwa rula.

Basi nilichukua karatasi nikaiandikia Idara ya Maneno Mapole. Sikuandika uongo. Niliandika tu kwamba kuna mwalimu anatumia jina lake vibaya.

*

Alikuja Mheshimiwa Ndimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Idara, mtunzi wa kitabu, mwenye ile nishani. Alikuja na magari matatu: moja lake, moja la nishani, na moja la mtu wa kumpigia makofi asipopigiwa. Shule nzima tulikusanywa Darasa la Saba. Mwalimu Mtumwa alisimama ukutani, mikono nyuma. Mimi nilikaa mbele.

"Ndugu zangu walimu, wanangu wanafunzi," alianza, na yule wa makofi akapiga. "Kuna watu wanaitukana lugha yetu tukufu! Wanalichukua neno tamu, neno mtumwa, wanalitia chumvi na machozi. Tusome lugha! Shina lake ni nini? Ni tuma! Mtume ametumwa. Mjumbe ametumwa. Balozi ametumwa. Je, balozi analia? Mimi mwenyewe hapa nilipo nimetumwa na Mheshimiwa Waziri, na tazameni nilivyonenepa!"

Makofi. Zawena akanyoosha mkono. Mheshimiwa Ndimi, kwa kuwa hajui hatari ya mkono wa mtoto, akamruhusu.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, wewe ni mtumwa wa Waziri?"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mtoto aliuliza kwa kutaka kujua, na darasa zima lilishika kalamu likingoja jibu. Yule wa makofi alipiga mara moja, akaacha.

"Mimi..." alisema Mheshimiwa. "Mimi ni... Nimetumwa, ndiyo, lakini si... Kikao kimefungwa!"

Nilidhani Mwalimu Mtumwa amekwisha. Mimi nilishajiona niko Darasa la Saba na chaki yangu. Lakini Mheshimiwa Ndimi ni msomi, na msomi hatafuti kosa kwa mtu mmoja. Alirudi ofisini, akaisoma hotuba yake mwenyewe mara tatu, akagundua wapi ilipomvunjikia. Haikuwa "mtumwa". Ilikuwa "na". Asingalisema "na Mheshimiwa Waziri", asingaliulizwa.

Wiki hiyohiyo ukatoka Waraka Namba Moja: kuanzia leo, neno "na" ni marufuku nchini.

*

Mtaniambia nazua. Ulizeni waliokuwapo. Sokoni watu waliagiza "wali maharage" wakanyamaza. Aliyeshikwa na njaa hakuweza kusema "nina njaa", maana "na" imo ndani, akasema "njaa mimi". Maharusi walitangazwa mmojammoja, kila mtu na siku yake. Rais, aliyekuwa na miaka sabini na tisa, alitangazwa kuwa na miaka "sabini, tisa", wananchi wakabaki wakijadiliana ipi.

Ilivumilika hadi taarifa ya habari ya saa mbili asubuhi. Mtangazaji, mtu mtiifu, alijisafisha koo akasema: "Hii ni Redio ya Taifa, ikiwatangazia kutoka Jamhuri ya Juu Chini. Serikali hufanya juu chini kuwaletea raia maendeleo."

Kabla ya saa sita ukatoka Waraka Namba Mbili. "Na" imesamehewa, isipokuwa ile inayofuata kitenzi cha kutendwa ikimtaja mtenda. Mtu anaruhusiwa kupigwa, lakini si kupigwa na mtu. Yaruhusiwa kuuzwa, kufungwa, kuuawa, ilimradi sentensi iishe hapo. Nukta iwekwe mapema na iwekwe kubwa.

Nawaambieni kweli, Darasa la Tano hatukuona tofauti yoyote. Nilikuwa naandika hivyo siku zote.

Mwalimu Mtumwa aliusoma waraka kwa sauti mbele ya wanafunzi wake, akaukunja, akasema waraka ni waraka, tutautii. Nilikuwa dirishani. Nilifurahi. Kisha akaandika ubaoni:

*Bibi yangu Mtumwa aliuzwa ..............*

*Ami yangu aliuawa ..............*

Waraka ulikataza "na". Haukukataza vitone.

"Hapo hamna kitu, mwalimu," akasema Zawena.

"Hapo hamna kitu," akakubali. "Kila mmoja akaandike sentensi za kwao, aache nafasi kama hiyo. Kisha akaulize nyumbani. Anayejua ajaze, asiyejua aache vitone."

Madaftari yalitoka hapo yakaenda pande zote mbili, Juu na Chini. Yalirudi yamejazwa. Si kwa mwandiko wa watoto. Kwa miandiko ya wazee, inayotetemeka, mingine ya penseli, mingine ya dole gumba tu. Nilichungulia mezani kwake wakati wa chai. Ukurasa baada ya ukurasa, na, na, na, na. Na fulani bin fulani. Na sisi. Na baba wa huyu jirani anayetuletea maziwa. Wazee waliokuwa hawajanitolea mimi hata tarehe, mimi niliyewafundishia watoto wao na wajukuu wao, walimpa yeye vyote. Kwa wivu niliiacha chai nusu kikombe.

*

Siku iliyofuata, Mzee Chande alikuja shuleni kwa miguu.

Huyu ni babu yake Zawena. Mashamba yote ya pilipili unayoyaona ukisimama kwenye vilima vya Juu ni yake. Mtu wa heshima, mtu ambaye nilimwamkia miaka ishirini na miwili akaniitikia kwa kidevu. Aliingia Darasa la Saba na daftari la mjukuu wake kwapani, akakataa kiti, akasimama juu ya Mstari wa Umoja. Mimi, bila shaka, nilikuwa natafuta kifutio.

"Mwalimu," alisema, "mjukuu wangu kaniletea daftari hili nijaze. Kalamu imenishinda. Nimeona nije niseme kwa mdomo."

"Karibu, babu."

"Bibi yako Mtumwa aliuzwa na baba yangu. Nyumbani tunalijua. Tumelijua siku zote." Alifungua daftari la Zawena. "Na huyo ami yako uliyemwandika ubaoni, ni Pandu mdogo? Aliyekuwa na kovu hapa shingoni?"

"Ndiye, babu."

"Aliuawa na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ni hapahapa, mnapopaka rangi."

Watoto wote waliitazama sakafu. Mtoto mmoja wa upande wa ukuta aliondoa mguu wake kwenye mstari, na mtoto wa upande wa dirisha akaondoa wake pia. Mwalimu Mtumwa alikwenda mpaka aliposimama yule mzee. Nilidhani atampiga. Nilitamani ampige, maana ingekuwa kosa la kinidhamu. Alisimama mbele yake, machozi yanamtoka, hayafuti, akasema, "Shikamoo, babu. Tumekuwa tukikusubiri."   Mzee alishika ncha ya meza.

Kisha akaniona dirishani.

"Hata wewe, Mwalimu Feruzi, ingia tu, usisimame juani. Lako pia ninalo. Babu yako alipewa jina hilo na baba yangu. Baba alipenda sana vito. Aliwaita Almasi, Johari, Lulu, Feruzi. Walichuma pilipili wote."

Alisema kwa wema, kama mtu anayekurudishia mwavuli uliousahau kwake. Watoto waligeuka kunitazama, darasa zima, kumi na tisa wa dirishani na ishirini na mmoja wa ukutani. Nami sikujua nisimame upande gani.

Mtadhani kilichoniuma ni jina. Liliniuma, ndiyo, usonara wetu wote uliisha mara moja. Lakini usiniulize nilikuwa nawaza nini nikitembea kurudi Darasa la Tano, nikijikwaa. Nilikuwa nawaza: hata historia yangu mimi, ameifundisha yeye.

*

Barua ya pili niliiandika kwa wino mweusi. Niliandika kwa kufuata sheria, bila kumtaja mtenda mahali popote. *Imeonekana kwamba vitone vinatumiwa. Imesikika kwamba mzee mmoja ametajwa, tena amejitaja. Inaombwa hatua ichukuliwe.* Jina la Mwalimu Mtumwa tu ndilo nililolitaja, na herufi M nikaipamba kwa mkia, kwa mazoea.

Hatua ilichukuliwa Jumanne. Gari moja, halikuwa na nishani. Mwalimu Mtumwa alipewa karatasi yenye neno moja: *Umepumzishwa.* Nukta ilikuwa kubwa kama ulivyoelekeza Waraka Namba Mbili.

Nchi yetu inawajali walimu. Iko Nyumba ya Kupumzishia Walimu, nje kabisa ya mji, yenye ukuta mzuri mrefu. Hakuna mwalimu aliyewahi kurudi kutoka huko akalalamikia chakula. Hakuna aliyewahi kurudi.

Alipita mlangoni kwangu akiwa na mkoba wake na askari wawili. Aliwaomba dakika moja. Walimpa, kwa sababu kaomba kwa ile sauti yake ya chini na iliwabidi wanyamaze wamsikie.

"Mwalimu Feruzi," alisema. "Darasa la Saba tumefika kwenye vita. Hatujamaliza. Utawamalizia?"

"Nitawamalizia," nilisema. Sikumtazama.

"Barua walinionyesha. Una mwandiko mzuri, kaka yangu. Ile M ya jina langu, hakuna aliyewahi kuniandikia vizuri vile."

Hakusema kwa kejeli. Ningefurahi kama angesema kwa kejeli. Akaenda, na watoto hawakupiga kelele wala hawakulia. Walisimama dirishani, wa Juu na wa Chini, dirisha moja, kwa kuwa upande wa ukuta huwezi kuona barabara.

*

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Jumatano nilirudishwa Darasa la Saba. Nilivaa shati jeupe. Niliingia, wakasimama, wakasema shikamoo kwa pamoja, wakakaa, na niliona kwamba walikuwa wamechanganyika. Hapakuwa na upande. Zawena alikaa na mtoto wa ukutani, madawati yao yamekanyaga mstari. Nilitaka kuwaambia warudi kwenye nafasi zao, nikakumbuka kwamba wataniuliza yangu ni ipi.

Ubao ulikuwa na sentensi zake mbili, pamoja na vitone vyake. Nilizifuta polepole. Nikachukua chaki mpya, na kwa kuwa nilitaka kuanza kwa kitu kilicho rahisi, kitu ambacho kila mtu anakijua, nikaandika kwa mwandiko wangu bora:

*Mwalimu Mtumwa amepumzishwa.*

Nikaweka nukta. Kubwa. Nikageuka.

Mkono wa Zawena ulikuwa juu.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeusubiri mkono huo. Niliuota. Nilikuwa na wivu wa kuuona ukinyooshwa kwa mwingine hadi nikafanya nilichofanya, na sasa ulikuwa wangu, umenyooka, vidole vitano, na nyuma yake nikaona mwingine, na mwingine, sikuweza kuhesabu.

"Ndiyo, Zawena," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya chini, sijui nimeitoa wapi. Darasa lilinyamaza kunisikia.

"Swali, mwalimu," alisema. "Amepumzishwa na nani?"

Hakuwa na hasira. Alitaka kujua. Alikuwa ameshika kalamu, wote walikuwa wameshika kalamu, madaftari yamefunguliwa ukurasa mpya, kama walivyokuwa siku ile wakimngoja Mheshimiwa Ndimi. Nje nilisikia gari likipita, halikusimama.

Nilirudi ubaoni. Kwa kidole niliifuta ile nukta, ikaacha alama nyeupe. Niliandika *na*. Herufi mbili tu, lakini ziliniumiza mkono. Kisha nikaanza herufi F, na kwa mazoea nikaipamba kwa mkia, na nyuma yangu nikasikia kalamu arobaini zikianza kunakili.